Ugwadu Si Uchachu

Kiswahili kimeipa kahawa heshima iliyopewa mazao machache: kimeigeuza kuwa rangi. Kama vile kijivu kilivyotoka kwenye jivu, na zambarau ikatoka kwenye tunda lake, kahawia imetoka kwenye kahawa. Mwanafunzi akiuliza kahawia ni rangi gani, mwalimu humjibu kwamba ni rangi ya kahawa, na darasa likaendelea na kazi nyingine. Jibu hilo linatosha darasani. Jikoni halitoshi, kwa sababu kahawa ina rangi nyingi, na kila rangi ina ladha yake, chombo chake na maji yake.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa Tanga, kabla ya kustaafu na kurejea kihambani kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nimeishi basi katika nchi mbili za kahawa: moja inayoinywa na nyingine inayoilima. Makala haya yanahusu jambo lililo kati ya nchi hizo mbili, yaani moto. Na yanahusu pia neno moja la Kiswahili ambalo lilikaribia kumfanya mdogo wangu ang'oe mibuni ya baba yetu.

Tuanze na majina. Lugha yetu inatenga mpunga, mchele na wali, kwa kuwa jamii inayokula wali haiwezi kuyachanganya mambo hayo matatu. Kwa kahawa nako tumefanya vivyo hivyo, ingawa wengi tumesahau. Mti ni mbuni. Punje yake isiyokaangwa ni buni, neno tulilolipata katika Kiarabu. Kahawa, kwa matumizi ya watu waangalifu, ni ile iliyopita motoni, na kinywaji kitokanacho nayo. Siku hizi tunasema "kulima kahawa" na "kuuza kahawa" bila kujali, wala silaumu. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba mkulima wa mlimani huuza buni, na kwamba kahawa huzaliwa mbali na yeye, kwenye kikaango cha mtu mwingine. Wazee wengi wa kwetu walipalilia mibuni maisha yao yote huku wakinywa chai.

Si kila mahali moto ulipewa kazi hiyo. Kule Kagera, Wahaya wana desturi ya kale ya kuchemsha matunda ya mbuni wa robusta pamoja na majani yenye harufu nzuri, kuyakausha, kisha kuyatafuna. Mgeni hukaribishwa kwa punje hizo kabla ya neno lolote zito. Hapo hakuna mkaango wala chujio. Kwa hiyo kukaanga si sharti la kuifaidi punje hii. Ni uamuzi, na ndani yake mna maamuzi mengine mengi.

Buni iliyo tayari kukaangwa ni ya kijani kilichofifia, ngumu kama kokoto, na ina unyevu wa takribani asilimia 10 hadi 12. Ukiiweka kwenye kikaango kilichopata moto, kwanza hukauka. Kijani hugeuka manjano, na harufu inayotoka ni ya majani makavu, kisha ya mkate unaookwa. Baada ya hapo sukari na protini zilizomo ndani huanza kuungana kwa joto, jambo lile lile linaloipa rangi ngozi ya mkate na nyama ya kuchoma, na hapo ndipo kahawia ya kwanza inapoonekana, ile iliyo jirani na mdalasini. Punje huvimba. Inapofika kwenye nyuzijoto 200 hivi za selsiasi, mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua, nayo hulia kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Kahawa iliyoondolewa motoni mara baada ya mlio huo tuiite ya mkaango mwepesi.

Ukiiacha iendelee kidogo, uso wake husawazika, rangi huiva na harufu ya sukari iliyoungua huja juu. Huo ni mkaango wa kati. Ukizidi kungoja, inapopita nyuzijoto 220 na kitu, mlio wa pili husikika, mwembamba na wa haraka, kama vijiti vikavu vinavyoshika moto. Kuanzia hapo mafuta hutoka ndani ya punje na kuipaka uso. Rangi hukimbilia weusi na moshi hubadilika harufu. Huo ni mkaango mweusi. Kati ya mlio wa kwanza na wa pili, kwenye kikaango cha nyumbani, huwa ni dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo hukatwa hatima ya kazi ya mwaka mzima.

Kadiri mkaango unavyosogea, mambo mawili hupishana njiani. Ile asidi ya asili ya punje, inayofanana na ya ndimu au ya tunda bichi, hupungua. Uchungu na harufu ya moshi huongezeka. Katika mkaango mwepesi mnywaji huonja shamba: mwinuko, aina ya mti, namna buni ilivyooshwa na kukaushwa. Katika mkaango mweusi huonja moto zaidi kuliko shamba. Ndiyo maana waonjaji wanaopima buni kwa ajili ya bei hukaanga sampuli zao kwa wepesi, usiofika hata karibu na mlio wa pili. Wanataka punje iseme yenyewe, mazuri yake na aibu zake.

Hapa ndipo anapoingia mdogo wangu.

Yeye ndiye aliyebaki kihambani tulipotawanyika sisi wengine. Anaishi na mibuni ya baba chini ya kivuli cha migomba, na kwa miaka kadhaa wanawe wamekuwa wakimsihi aing'oe apande maparachichi, kama walivyofanya majirani wengi. Hoja yao si ya kipuuzi: parachichi lina soko, na halidai kumenywa, kuvundikwa, kuoshwa na kuanikwa. Msimu mmoja, mtaalamu wa kilimo alipita kijijini akawaeleza wakulima kwamba arabika ya Kilimanjaro inasifiwa duniani kwa uchachu wake. Mdogo wangu alilishika neno hilo na kulifurahia. Mwezi uliofuata alipeleka sampuli kwa mnunuzi, na karani akamrudishia jibu kwamba bei imeshushwa kwa kuwa kahawa yake ina uchachu.

Alinijia jioni ile akiwa na karatasi mkononi. "Kaka, wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili," aliniambia. "Nieleze. Uchachu ni sifa au ni kosa? Maana nimesifiwa nao na nimekatwa fedha kwa huo huo." Kisha akaongeza, bila hasira, kwamba wanawe wana haki, na kwamba msimu ukiisha ataichukua shoka.

Kuhusu bei sikuwa na la kumjibu. Kuhusu neno nilikuwa nalo, lakini sikutaka kumpa kamusi mtu aliyekatwa fedha. Nilimwomba anipe kilo moja ya buni ile ile, na nikamwomba shemeji mmoja wa bondeni, ambaye buni yake ilikuwa imepokelewa vizuri, anipe nusu kilo ya kwake.

Nilikaanga kwa kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa, nikikoroga kwa mwiko bila kupumzika, kwani punje ikilala upande mmoja huungua upande huo na kubaki mbichi ndani. Nilichukua gramu 200 za buni ya mdogo wangu kwa kila mkaango. Ule mwepesi ulitoka na uzito wa gramu 175 hivi. Ule mweusi ulishuka hadi karibu na 163. Kinachopotea ni maji, gesi na zile ngozi nyembamba tunazozipepeta kwenye ungo. Mkulima auzaye kilo na mkaangaji auzaye kilo hawauzi kilo ile ile. Buni ya shemeji niliikaanga kwa wepesi peke yake. Nikaziacha zote zipumzike hadi kesho yake, kwa sababu kahawa iliyotoka motoni hujaa hewa ya ukaa, na hewa hiyo huyazuia maji yasiingie vizuri kwenye unga.

Tulionja kwa njia ya waonjaji, ambayo haihitaji mtambo wowote. Unasaga kwa chembe kubwa kiasi. Unatia gramu 11 kwenye bilauri. Unamimina mililita 200 za maji yaliyochemka na kutulia nusu dakika. Unangoja dakika nne. Utando unaoelea juu unauvunja kwa kijiko huku pua ikiwa karibu. Unaondoa povu, unaacha ipoe kidogo, kisha unaivuta kutoka kwenye kijiko kwa kelele, ili isambae ulimi mzima. Marehemu mama yetu asingeivumilia adabu hiyo mezani pake.

Mdogo wangu alianza na bilauri ya mkaango mweusi. "Hii ndiyo kahawa," alisema. Ilikuwa chungu, nzito, yenye moshi, kama ile inayouzwa stendi. Hakuona kosa lolote ndani yake, nami sikuliona. Kisha akaonja ya shemeji, iliyokaangwa kwa wepesi. Alikunja uso, akatulia, akaonja tena. Alisema inamkumbusha chungwa ambalo halijaiva sawasawa, na baada yake unabaki utamu kidogo kwenye koo. Mwisho akaonja ya kwake mwenyewe, yenye mkaango ule ule mwepesi. Mwanzoni ilikuwa na ule uchungwa. Lakini ilivyozidi kupoa, nyuma yake ilijitokeza harufu nyingine. Yeye ndiye aliyeitaja kabla yangu.

"Hii ni mbege ya siku ya nne," alisema, akakiweka kijiko chini.

Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo yale mawili, na wote waliozungumza naye walitumia moja. Ukali wa ndimu, wa ukwaju, wa embe bichi, ni ugwadu. Ni wa kuzaliwa. Tunda halijatenda kosa lolote kuwa nao. Uchachu una kitenzi nyuma yake, nacho ni kuchacha. Maziwa huchacha, wali wa jana huchacha, mbege huchacha. Kitu hakizaliwi kimechacha. Hufikia hali hiyo kwa kuachwa na muda kupita. Ni kweli kwamba watu wengi husema ndimu ni chachu, na lugha ya mazungumzo ina uhuru wake. Lakini pale ambapo neno moja linaamua bei ya gunia, uhuru huo una mtu anayeulipia. Mtaalamu alisifu ugwadu. Karani alikata fedha kwa sababu ya kuchacha. Mdogo wangu alisikia neno lile lile mara mbili akahitimisha kwamba anachezewa.

Sababu ya kuchacha haikuwa mbali. Arabika ya kwetu humenywa ganda la nje, kisha punje zake, zikiwa bado na ute, huvundikwa kwa saa kadhaa ili ute ulegee na kuoshwa. Mlimani, kwa baridi yetu, kazi hiyo huweza kuchukua siku moja hadi mbili. Kitenzi chenyewe kina onyo ndani yake: kuvundika ni kazi ya makusudi, kama tunavyovundika ndizi ziive, kuvunda ni kuoza, na uvundo ni harufu ya aliyechelewa. Mdogo wangu hutumia mashine ya kumenyea anayochangia na majirani. Msimu ule zamu yake ilisogezwa, na matunda aliyoyachuma yalikaa ndani ya gunia siku mbili kabla ya kumenywa. Yalianza kuvunda kabla hayajavundikwa. Mnunuzi hakukosea kuhusu kikombe. Alikosea kumrudisha mtu nyumbani na neno lisilomwonyesha njia ya kurekebisha.

Nimejiuliza kwa nini mkaango mweusi uliificha aibu ile, na kama basi huo ni mkaango wa udanganyifu. Wapo vijana wa mijini wanaosema hivyo. Mimi nimekunywa kahawa ya Tanga miaka mingi mno kuweza kukubali.

Kahawa ya baraza za pwani hukaangwa hadi ikawa nyeusi, hutwangwa kwenye kinu au kusagwa, kisha huchemshwa ndani ya dele juu ya makaa, na muuzaji hupita nayo jioni huku akigonganisha vikombe ili asikike kabla ya kuonekana. Hunywewa bila sukari, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata au halua. Mara nyingi hutiwa tangawizi, na wengine huongeza iliki. Hapo kila kitu kimepimwa kwa ajili ya mwenzake. Kahawa itakayokaa motoni saa nyingi haiwezi kutegemea harufu laini za shambani, kwani zitapeperuka kabla ya kikombe cha tatu. Inahitaji mwili mzito na uchungu ulio thabiti, na uchungu huo unangojwa na utamu wa kashata. Mzee mmoja aliyekuwa akituuzia kahawa karibu na shule aliwahi kuniambia, "Mwalimu, kahawa hii na kashata ni mume na mke. Ukimwonja mmoja utawasema vibaya wote wawili."

Wala kuchemsha hakulazimishi weusi. Dele letu ni ndugu wa dalla ya Waarabu, kwa jina na kwa umbo. Lakini katika sehemu nyingi za Bara Arabu, hasa Saudia, kahawa inayotoka ndani ya chombo hicho hukaangwa kidogo sana, hata rangi yake kikombeni ikawa ya dhahabu, ikatiwa iliki nyingi na kunywewa kwa tende. Chombo kimoja, mikaango miwili, na kila mmoja una kitafunio kinachouelewa. Kwa hiyo siuoni mkaango mweusi kuwa mwongo. Ni mkaango unaozungumzia mambo mengine. Tatizo huja pale tu mkulima anapotaka kuijua buni yake, naye hana kahawa nyingine ya kuonja isipokuwa nyeusi.

Kuna neno la pili linalostahili kusafishwa, nalo ni "kali". Mtu akiomba kahawa kali, anaomba nini? Huenda anataka iliyokaangwa sana. Huenda anataka yenye unga mwingi na maji machache. Huenda anataka itakayomnyima usingizi. Haya ni mambo matatu yasiyofuatana. Mkaango hubadilisha kafeini kwa kiasi kidogo sana. Kahawa nyeupe-nyeupe na nyeusi tititi, zikipimwa kwa uzito sawa, hukaribiana. Kinachotofautisha zaidi ni aina ya mti: robusta huwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo anayekesha akisahihisha mitihani, kama nilivyofanya miaka mingi, asitafute weusi. Aulize buni ilitoka Kagera au mlimani, na aongeze kijiko. Kwa rangi ya mkaango ningependa tuseme mwepesi, wa kati na mweusi. Kwa wingi wa unga tuna neno zuri tangu zamani: kahawa iliyokolea, na kinyume chake, kahawa chapwa. "Kali" tuibakizie usingizi.

La tatu ni ukakasi, ambalo siku hizi limehamia kwenye siasa, tukaambiwa kwamba hoja fulani ina ukakasi. Kwao hasa ni kinywani: ule ukavu wa kukwaruza uletwao na ndizi mbichi. Kahawa nayo huwa nao, ama kwa sababu punje haikuiva ndani ilipokaangwa, ama kwa sababu tunda lilichumwa bichi, ama kwa sababu maji yaliachwa juu ya unga kupita kiasi. Ukakasi si uchungu. Uchungu huonjwa na ulimi. Ukakasi hushika mashavu.

Kutokana na hayo, mambo ya utengenezaji hujipanga yenyewe bila kukariri. Punje ya mkaango mwepesi bado ni ngumu na imebana. Haitoi vilivyomo ndani yake kwa urahisi. Isage laini kiasi, tumia maji yaliyotoka kuchemka, ya nyuzijoto 93 hadi 96, na uipe muda. Chujio la karatasi au la kitambaa linaifaa, kwa sababu huzuia mafuta na chenga na kuacha ugwadu wake uonekane wazi. Ukiitengeneza kwa haraka au kwa maji yaliyopoa, itakuwa na ukali wa juu juu usio na utamu, na utailaumu bure.

Punje ya mkaango mweusi ni kinyume chake. Moto umeidhoofisha, huvunjika kwa vidole na hutoa kila kitu upesi. Isage kwa chembe kubwa kidogo, acha maji yatulie hadi nyuzijoto 85 au 90, na usiikawize, la sivyo utakachopata ni majivu. Ndiyo inayovumilia maziwa na sukari. Mkaango wa kati husikilizana na karibu kila chombo, na ndio ninaomshauri mtu aanze nao. Kwa kipimo, gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji ni mwanzo mzuri. Kisha kila nyumba itafute mahali pake. Na kwa kuwa mafuta ya mkaango mweusi yamo nje ya punje, hewa huyaharibu mapema. Kaanga kidogo kidogo, hifadhi punje nzima kwenye kopo lililofungwa, saga unapokaribia kunywa.

Msimu uliofuata mdogo wangu hakushika shoka. Aliwaomba majirani wapange zamu ya mashine kwa siku ya kuchuma na si kwa jina la familia, na wakakubali, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wamepata jibu kama lake. Alimenya jioni ile ile ya kuchuma. Aliyaondoa matunda yaliyoelea majini. Alivundika huku akipima kwa mkono: punje zikisuguliwa na kutoa mkwaruzo wa changarawe badala ya kuteleza, ziko tayari kuoshwa. Kabla ya kupeleka sampuli, alikuja kwangu tukakaanga kiganja kimoja cha mkaango mwepesi. Ilipopoa hatukusikia mbege.

Kwa mnunuzi hakungoja kuambiwa. Karani alipofungua kinywa kusema kuhusu uchachu, mdogo wangu alimuuliza, "Unasema ugwadu, au unasema imechacha?" Karani alirudi ndani kumuuliza mwonjaji. Aliporudi alisema ni ule wa ndimu, na kwamba haukukatiwa kitu. Bei haikuwa ya kumtajirisha mtu, na wanawe walipanda maparachichi kwenye nusu ya chini ya kihamba, kwa idhini yake. Nusu ya juu, iliyo na mibuni ya baba, ipo.

Nilimwandikia ubeti mmoja, naye ameubandika juu ya mlango wa ghala, mahali ambapo kila aletaye gunia ataukuta:

Kahawia ni ya moto, si rangi ya kuzaliwa,
Buni ikishika joto, ndipo huitwa kahawa,
Ugwadu ndio mvuto, uchachu ni kuchelewa,
Ulimi hupima kweli, jina lake likitajwa.

Washairi wenzangu wataona kwamba kibwagizo kimeutoroka ukina wa kati. Nimejaribu kukirekebisha, lakini mdogo wangu amekataa karatasi isiguswe. Anasema mstari huo ndio anaousoma kwa sauti majirani wanapoleta magunia yao, na kwamba hadi sasa hakuna aliyemuuliza kuhusu vina.